Jina Refu na Jina Fupi

Baba yangu, fundi cherehani wa Kanyenye, alizoea kusema kwamba kabla ya Uhuru kuchagua chama kulikuwa kazi nyepesi. Chama kimoja kilitaka tujitawale mara moja, kingine kilitaka tungoje kwanza, na kila mtu alijua yuko upande gani. Mimi nilipofikia umri wa kupiga kura, chama kilikuwa kimoja tu. Kilituletea wagombea ubunge wawili, wote wake, wenye kadi moja na ahadi zilezile. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine ya nyumba.

Wakati huo nilikuwa nafundisha elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja jirani na Ipole. Tulisomea ndani ya bani la kukaushia tumbaku, kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha na bani lilikuwa tupu. Wanafunzi wangu wote walikuwa wanawake, na kila siku waliniuliza jambo lilelile: watu wawili wanaosema maneno mamoja utawatofautishaje?

Wengine walikuwa wameshaamua. Mkulima gani ataacha kuchagua jembe? Halafu ukazuka uvumi kwamba anayechagua nyumba amekubali ya kwake ibomolewe na ahamishwe tena. Watu walikuwa wamehamishiwa kijijini pale juzi juzi, kuta nyingi hazijakauka vizuri, na uvumi ule uliwaingia.

Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote alikuwa mke wa mrina asali, mama aliyeweza kunizaa, mpole wa sauti lakini mgumu wa kukubali jambo asilolielewa. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, hiyo karatasi ya kura ina picha tu?"

"Ina picha na majina, mama."

"Basi hizi habari za kuku na ng'ombe za kitabuni tuziweke kando. Tufundishe hayo majina."

Nikayaandika ubaoni yote mawili. Mgombea wa jembe alikuwa na jina fupi, la kushika kwa siku moja. La mgombea wa nyumba lilikuwa refu, na katikati lilikuwa na "ng'" iliyowasumbua wiki nzima. Niliwasomesha yote mawili kwa kipimo kimoja, nisije nikaambiwa nafanya kampeni.

Wagombea walikuja pamoja, katika gari moja la chama, wakakalishwa kwenye viti vya shule, kila mmoja akapimiwa muda wake. Yule wa jina fupi alikuwa ofisa wa mjini, na alijua kusema hasa. Yule wa jina refu alikuwa amefanya kazi ya bwana nyuki, mshauri wa warina asali, miaka mingi sehemu zile; alizungumza kama mtu anayeogopa kuwaamsha nyuki wenyewe. Wote wawili waliahidi barabara, zahanati na maji.

Yule mama akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, swali langu ni kwa wote wawili. Wamesema watatuletea maji. Naomba kila mmoja atuambie, leo hii tunachota wapi?"

Wa jina fupi alitabasamu. Akasema suala la maji ni la taifa zima, mipango ipo, wananchi washikamane. Akapigiwa makofi mengi. Kisha akasimama wa jina refu.

"Mama, wanaume wa hapa nawajua, na mizinga yao naijua. Mnakochota sikujui. Miaka yote sikuwahi kuuliza, na hilo ni kosa langu."

Akaketi. Wanaume kadhaa wakacheka.

Kesho yake darasani hatukufungua kitabu. "Mtu hajui hata kisima, atatusaidia nini?" alisema mmoja.

"Na yule mwingine anakijua?" aliuliza mke wa mrina asali. "Hakijui vilevile. Ila mmoja ametuambia."

"Lakini bungeni kunatakiwa msemaji."

"Atasema nini juu ya jambo asilolijua?"

Walibishana mpaka jua likageuka, na hawakukubaliana. Wako waliobaki na jembe. Mimi nilirudi nilikopanga nikiwa na furaha isiyoelezeka, maana hakuna aliyetaja kubomolewa nyumba wala jembe la mkulima. Walikuwa wanabishana juu ya watu.

Siku ya kura nilimkuta mke wa mrina asali kwenye foleni, amevaa kitenge kipya. Akaninong'oneza, "Mzee ameniambia jembe."

"Nawe umemjibu nini?"

"Nimemjibu nimesikia."

Zamu yake ilipofika aliingia chumba cha kura, akakawia. Karani akamwuliza kama anahitaji msaada, kwani wasiojua kusoma waliruhusiwa kusaidiwa. Tulimsikia kutoka nje: "Ngoja kidogo, baba. Bado nasoma."

Alitoka ameinua kichwa. "Nimewasoma wote wawili, mwalimu," alisema. "Hata yule nisiyemtaka nimemsoma mpaka mwisho."

Nami nikaingia kupiga kura yangu ya kwanza.

Matokeo tuliyasikia kwenye redio ya dukani Ipole. Jina refu lilikuwa limeshinda. Wanawake wa darasa langu walipiga vigelegele mpaka mwenye duka akatoka nje kutazama, na waliopigia jembe walipiga pamoja nao. Walisema wao pia walisoma wenyewe, hawakusomewa na mtu.

Kipindi kilichofuata bani lilijaa. Wanaume watatu walikuwa wamekaa nyuma, mrina asali akiwa mmoja wao, kofia mapajani.

"Karibu, baba. Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja nijue mke wangu alikuwa anasoma nini kule ndani siku ya kura."

Mkewe hakugeuza hata shingo. "Mpe chaki," alisema. "Aanze na a."