Vipele Vilivyokimbia Mlango Ukifunguliwa

Mwanangu Najma alikuwa anatokwa na vipele kila tukifunga mlango. Tukiufungua, nusu saa tu, ngozi safi kabisa.

Sasa wewe ungefikiria nini?

Mie nilisema anaigiza. Hataki ndoa.

Ilikuwa mwaka jana, kwetu Chamazi. Najma mwali, yuko ndani, zimebaki siku sita aolewe na Mbwana. Chumba cha bati bila dari, madirisha tumeyaziba kwa mashuka. Wifi yangu Mwajabu ndiye kungwi. Anamsinga mwili kwa manukato, kisha anamfunika blanketi juu ya chetezo cha udi.

"Mama, nawaka! Nachomwa sindano mwili mzima!"

"Nyamaza," nikamjibu. "Mwali hapigi kelele."

"Mama, nifungulie!"

Nikakaza komeo kwa nje. Mimi. Kwa mkono wangu.

Siku ya tatu wifi akaanza. "Hili jini. Udi uongezwe." Mara, "Mama Najma, mtoto ana mtu wake huko nje, ndo maana mwili unakataa."

Maneno hayo yakifika kwa kina Mbwana, harusi hakuna.

Siku ya nne mchana, kelele zikakoma.

Nikafungua. Najma kalala chini, shavu kaligandisha kwenye saruji, anatafuta ubaridi. Haongei. Ananitazama tu.

Bajaji, mbio, hospitali. Tunafika, vipele havipo!

Wifi akacheka. "Si nilikwambia?"

Daktari hakucheka. Akamwambia Najma azunguke jengo harakaharaka juani, muuguzi yuko ubavuni. Dakika kumi, jasho. Kumi na tano, shingo na kifua vimejaa vipele vidogo vyekundu.

"Huu ni mzio wa joto, mama. Mwili ukipata moto vinatoka, ukipoa vinaondoka. Vidonge hivi kimoja kila siku, nguo nyepesi, feni. Akibanwa kifua, mlete upesi."

"Na blanketi?"

"Blanketi la nini, Dar hii?"

Nje, wifi akakaa kwenye benchi. Akaanza kulia.

"Na mie vilinitoka, wifi. Nikiwa mwali. Nikaambiwa nikisema nitaachwa. Wakaongeza udi."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua anaungua. Sikujua kama mtu anaruhusiwa kutoka."



Najma aliolewa siku ileile iliyopangwa. Madirisha wazi, feni mbili, na wifi ndiye aliyeyachana yale mashuka.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikwambia anaungua, fungua mlango kwanza. Kama ni uongo, mtaujadili mkiwa nje.