Kumpiga Korongo

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa maziwa kwenye shamba la Mzungu mmoja upande wa Njoro, mwendo wa baiskeli kutoka Nakuru. Bwana yule hakuwa na matusi wala kiboko, na nitasema ukweli ingawa unanikera mpaka leo: nilimpenda. Kilichotuunganisha ni ndege. Alikuwa na kamera kubwa ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, na hamu moja tu maishani, kupata picha ambayo unyoya mmoja mmoja ungeonekana, hadi nyuzi zake.

Kiswahili chake kilikuwa cha shambani. "Leo mimi piga bata. Kesho piga mwari." Nilishamzoea. Kupiga kwake kulikuwa kupiga picha, basi, na sikuwahi kumuuliza zaidi.

Kwenye bwawa la shamba korongo wawili wenye vishungi vya dhahabu walijenga kiota katikati ya matete, wakataga. Filamu za siku zile zilitaka ndege atulie kabisa, na korongo hatulii anapoona mtu, kwa hiyo kila picha aliyojaribu bwana ilitoka na ukungu. Nikajitolea kuwazoesha. Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, nilivaa koti langu la kaki nikaenda kuketi kimya karibu na maji, kila wiki nikisogea kidogo. Wenzangu walinicheka eti nimeoa ndege. Mwishowe nilikaa hatua kumi tu kutoka kwenye kiota, na aliyekuwa akiatamia akageuza mayai kwa mdomo bila hata kunitazama. Furaha niliyokuwa nayo siku ile sikumwambia hata mke wangu.

Nilimpelekea bwana habari, naye akasugua mikono.

"Kesho mimi piga yeye. Wewe pumzika. Lete koti yako."

"Ndiyo, bwana."

Niliona amefikiri vizuri, ndege amwone mtu wa koti lile lile.

Siku ya tatu aliniita barazani. Alinirudishia koti, limefuliwa na kupigwa pasi, kisha akanipa picha. Jamani! Kishungi kilikuwa kama nywele zilizochanwa unywele kwa unywele. Shingoni manyoya yalilalia moja juu ya jingine, na ungeweza kuyahesabu. Nilicheka kwa sauti, nikamshika bwana mkono, jambo ambalo karani hakulifanya siku zile. Ndipo nikaona, chini kabisa, waya mwembamba umezungushwa mguuni na kuzama kwenye matope.

"Bwana, huu waya ni wa nini?"

"Ya kusimamisha yeye."

"Kwani alikuwa hawezi kusimama?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nasema nitapiga yeye. Wewe nasema ndiyo."

Ni kweli, nilisema ndiyo. Akaendelea kunieleza kwa upole jinsi risasi ndogo isivyoharibu manyoya. Alikuwa amenisaliti na hata hakujua. Kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nimemsaidia, jioni baada ya jioni. Ndege yule hakuruka kwa sababu mimi nilimfundisha kwamba mtu mwenye koti la kaki hana neno.

Nilivaa koti nikashuka bwawani. Mwenzake aliyebaki alikuwa juu ya mayai. Nikasogea hadi hatua kumi kutoka kwake, kisha tano, naye hakutikisika. Nikaokota bonge la udongo nikamtupia. Aliinua kichwa, akanitazama, akajiweka sawa kwenye kiota. Nikatupa la pili na la tatu, nikimfokea huku nalia, hadi alipoinuka na kuruka. Alizunguka mara mbili juu ya bwawa akitaka kurudi kwa mayai yake, na kila alipokaribia nilimrushia tena.