Nimemkamata Mama Akishangilia Propaganda

Leo nimemkamata mama yangu akishangilia propaganda.

Kesho nina wasilisho chuoni kuhusu filamu ya zamani ya michezo, iliyotengenezwa kwa ustadi wa ajabu ili kumtukuza dikteta. Wiki nzima nimetafuta pa kuanzia nikakosa. Basi nikamwonyesha Mama, hapa sebuleni kwetu ughaibuni, Great Barr, alipotoka zamu hospitalini.

Mwanariadha akaruka. Kamera ilimchukua kutoka chini, mawingu nyuma yake, kama malaika.

Mama akapiga makofi. "Ruka, baba, ruka!"

Nikasimamisha filamu. "Mama, unaona wanavyokuchezea akili? Kamera ikiwa chini, mtu anakuwa mkubwa. Yanayowaaibisha wanayakata. Muziki unakumalizia."

Akanitazama kwa ule utulivu wa manesi.

"Kama ile video yako ya michezo ya kanisa?"

Nikaweka rimoti chini.

(Mlioiona mnajua. Tulishindana kuvuta kamba na kanisa la Wakongo. Nililala kwenye nyasi nikarekodi misuli ya wazee wetu, nikaweka na muziki wa kwaya.)

"Tulivutwa mpaka kwenye matope," Mama akasema. "Kwenye video yako tumekuwa mabingwa. Pasta bado anaituma kwa watu wa Nairobi."

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaona aibu kidogo. Halafu nikafungua kompyuta.

Kesho naanza na kamba yetu. Nitaonyesha hata kipande nilichokikata, kile cha Pasta akitambaa matopeni akitafuta kiatu chake.

Sasa, nani kati yenu atamwambia Pasta?