Nyongeza ni ya Wageni

Jumatatu nilipanga foleni kwa wakala wa tiketi za ndege pale Busia, upande wetu wa Uganda. Mbele yangu alisimama mama anayeniuzia karanga sokoni Tororo. Alikuwa anakwenda Dubai kumwona mjukuu wake wa kwanza.

"Nataka ndege ya kwetu, ya Entebbe."

Wakala akamtajia nauli, kisha akashusha sauti. "Lakini ukianzia Nairobi nauli ni rahisi zaidi, mama. Itapita Entebbe. Ndege ni ile ile."

Mama akashika kiuno. "Mimi wa nyumbani ndio nalipa nyingi?"

"Nairobi mashirika ni mengi, lazima tubembeleze abiria. Wewe wa hapa hutaki kuzunguka. Utapanda yetu tu."

Nilingoja alipuke. Akacheka. "Kumbe ni kama karanga zangu! Nikivuka kuuza Kenya, wauzaji tuko wengi, kila mtu nampa nyongeza, konzi nzima. Wale wa Tororo siwapi. Watakwenda wapi?"

Akageuka, akaniona. Mkono ukaenda mdomoni.

Alilipa ile ya Entebbe hivyo hivyo, kwa sababu magoti yake hayataki basi la Nairobi. Mimi nilitoka nimeelewa biashara ya ndege kuliko nilivyotaka.

Jumamosi nilifika kwenye meza yake nikamsalimia kama kijana wa Kenya, ng'ambo ya mpaka: "Niaje, mathe?"

Alinipimia karanga zangu taratibu, akanitazama, akaongeza konzi nzima.

"Karibu Tororo, mgeni," alisema.