Kinu cha Mama Kijitoni

Tulipanga banda kubwa karibu na kijito, nyuma ya nyumba mpya ya vioo, hapa Durban. Mimi nilishaota kulipaka rangi ya njano. Lakini mwenye nyumba, Mkongo mwenzetu, hakutaka kusikia mama akitwanga sombe, yale majani ya muhogo.

“Mama, hapa siyo kijijini kwenu!” alifoka Jumamosi moja. Akanyakua kinu ambacho mama alitoka nacho Bukavu, akakitupa kijitoni.

Mama alilia. Nikaingia majini na viatu vyangu. Kumbe kinu ni mti bwana, kilikuwa kinaelea, kimenaswa kwenye matete.

Mama alikifuta kwa kitenge chake, akakiweka chini ya dirisha lenyewe la mwenye nyumba.

“Papa, leo iko sombe,” akamwambia, akaanza kutwanga.