Mwalimu Kioko na Sala za Jioni

Ushirika wetu wa Alhamisi hapa Majengo, Nyeri, ulivurugika kwa sababu ya herufi moja.

Si sadaka iliyopotea. Si kwaya kugombania maikrofoni. Herufi! Na mimi nilikuwepo, nimekaa karibu na birika la chai, kwa hivyo msiniambie ni udaku.

Mwenye mambo ni Mama Emmah. Jina la ubatizo ni Phyllis, ana ploti ya vyumba vya kupangisha, na ndiye aliyekuwa akitufundisha Amri Kumi. Aliokoka zamani mno. Tangu siku hiyo hakutenda dhambi hata moja. Tulijua kwa sababu alituambia mwenyewe, tena mara nyingi.

Sasa, kwetu kuna desturi ya kuja nuruni. Unasimama mbele ya ndugu, unataja dhambi yako waziwazi, tunaimba, unakaa. Mama Emmah alisimama kila wiki bila kukosa. Tatizo ni kwamba dhambi alizotaja zilikuwa zetu.

Hata ploti yake ilikuwa na amri. Hakuna pombe, hakuna muziki wa dunia, na mpangaji ambaye hajaoa asithubutu kupitisha mwanamke getini.

Binti yake, Emmah, alitaka kuolewa na Gicheru, kijana anayekusanya maziwa ya wakulima kule Kangari. Mpole, mchapakazi, na alimpenda Emmah kweli. Lakini alikuwa na doa baya sana. Jumapili asubuhi anabeba maziwa.

"Mami, ng'ombe inakamuliwa kila siku," Emmah alimsihi.

"Ati kira siku! Mungu mwenyewe aripumzika, ng'ombe ni nani?"

"Na hiyo maziwa unaweka kwa chai Jumapili inatoka wapi?"

"Usiniretee maneno ya shetani kwa nyumba yangu! Mtu wa kukuoa niko naye hapa hapa kwa proti."

Mtu huyo alikuwa Mwalimu Kioko, mpangaji kutoka Machakos. Shati limepigwa pasi, kodi inalipwa mapema, salamu kwa kila mtu.

"Habali ya jioni, mama."

Ndiyo, habali. Ulimi wa Kioko, kama wa Wakamba wengi, haupatani na r. Mama Emmah alikuwa akimwigiza mbele ya majirani na kucheka hadi anapangusa machozi. Yeye naye, Mkikuyu wa Tetu, alisema "kurara" na "chakura" maisha yake yote, ila hilo halikumchekesha.

Kila jioni Kioko alipita getini akinukia sabuni.

"Unaenda wapi, mwarimu?"

"Naenda kwa sala, mama."

Basi, Mama Emmah akayeyuka. Kijana ana mshahara wa serikali, na kila jioni yuko kwa sara! Alimtangaza sokoni, akamtangaza kanisani, nadhani hata mbuzi wa mtaa walipata habari.

Gicheru alipokuja na shangazi zake kujitambulisha, Mama Emmah aliwapa chai ya rangi. Chai ya rangi, watu wa maziwa!

"Hapa kuna mtu anaomba Mungu kira siku," akawaambia. "Nyinyi endeni na maziwa yenu."

Waliondoka bila kumaliza vikombe. Emmah alilia siku nzima, lakini hakumwacha Gicheru.

Mama akaona ushuhuda unahitaji kuongezwa chumvi.

Alhamisi hiyo akasimama. "Bwana asifiwe! Nirimfuata huyo mwarimu mpaka mahari anaombea. Nikasimama nje ya mrango. Nikamsikia na masikio yangu akiria mbele za Bwana, na akataja jina ya Emmah!"

Tukapiga makofi. Emmah aliinamisha kichwa. Kama ameshatajwa mbele za Mungu, yeye ni nani wa kubisha? Jioni hiyo alimwambia Gicheru asimpigie simu tena. Niliposikia iliniuma, nawaambia ukweli.

Wiki iliyofuata Mama Emmah alimleta Kioko mwenyewe, amemshika mkono kama kombe la mashindano. Mzee Wamae, anayetuongoza na ambaye l yake pia ni r, akamkaribisha mbele.

"Mwarimu, hebu tufungurie siri ya hiyo sara yako ya kira jioni."

Kioko akatabasamu. "Kumbe mnamjua?"

"Tunamjua nani?"

"Sala. Yule wa saluni kalibu na msikiti. Ni mchumba wangu. Halusi ni Desemba, na nyote mmealikwa."

Kisha mama mmoja, ambaye nywele zake zilikuwa zimesukwa juzi tu, akauliza, "Ati Sara? Sara wa kusuka?"

"Huyo huyo. Sala."

Mama Emmah aliruka. "Wewe! Urinidanganya!"

"Hapana, mama. Ulisema mwanamke asiingie kwa ploti. Mimi nikatii. Nikawa naenda kwake."

Vichwa viliinama vyote, na si kwa maombi. Watu walikuwa wakicheka ndani ya leso.

Emmah hakucheka. Alisimama palepale.

"Mami, kama hakukuwa na maombi, ni nani ulisikia akitaja jina yangu?"

"Mimi nirikuwa nakutafutia mtu mzuri."

"Ulisikia ama hukusikia?"

Mwalimu wetu wa Amri Kumi alimtazama Mzee Wamae, akatazama mlango, akatazama viatu vyake. Nilidhani atatafuta dhambi ya mtu mwingine, maana hakuwahi kukosa.

"Sikusikia kitu," akasema hatimaye, sauti imekwisha. "Hata sikuenda huko. Nirisema uongo, nikautia jina ya Mungu."

Akakaa. Hakuna aliyeimba. Mzee Wamae ndiye aliyemwendea na kumshika mkono.

"Asante, dada," akamwambia. "Karibu kwetu."

Emmah alikuwa ameshatoka nje na simu sikioni. Gicheru amekubali kurudi na shangazi zake, ila si Jumapili, ana maziwa. Mama mtu amesema watakunywa chai ya maziwa, na amelisema hilo bila mahubiri.

Nami nimezipitia zile Amri Kumi nikitafuta ile inayosema jirani yako asidanganye. Haipo, ndugu zangu. Zote zinamsema anayesoma.