Choo cha Ngazi Sita

Siku moja ya masika naikumbuka vizuri kuliko siku niliyopewa cheti changu cha ualimu, mwanangu. Na kwa kuwa umepangiwa shule huko Mikumi na kukabidhiwa ujenzi wa vyoo, yafaa uisikie.

Mimi ni mzaliwa wa Mamboya, milimani, ambako shimo la choo huchimbwa refu na hudumu miaka mingi. Nilipopelekwa kufundisha Kimamba nikiwa kijana, nilisimamia choo cha wasichana kwa kipimo kilekile cha kwetu. Sikumuuliza mtu; nilijiona msomi. Mvua iliposhika, maji yalipanda kutoka chini, shimo likafurika, uchafu ukatapakaa hadi mlangoni mwa darasa la sita. Wasichana wakawa wanajisitiri kwenye mkonge, ng'ambo ya reli. Zainabu, aliyekuwa hodari kuliko wote katika hesabu, akaacha kuja.

Hapo ndipo ilipo siku ninayokuambia: nilimfuata kwao. Bibi yake, Bi Mwanaidi, alikuwa akipukuchua mahindi pamoja na majirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kutuchimbia kisima kingine?"

Majirani wakacheka. Nikaeleza kwamba mtihani umekaribia.

"Mtihani naujua. Lakini mjukuu wangu hatakwenda kuchuchumaa kwenye mkonge. Ulipochimba, ulimuuliza nani wa hapa? Hebu tazama kihenge changu kimesimama juu ya nini."

Kihenge kilisimama juu ya nguzo, mahindi yake makavu. Niliona aibu, kisha nikamwomba anifundishe.

Tulijenga upya, safari hii juu ya ardhi. Bi Mwanaidi alituonyesha maji hufika wapi katika mwaka mbaya, nasi tukapandisha sakafu juu ya hapo: ngazi sita, na chini yake vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Kimoja kilipojaa kilifungwa kwa muda mrefu na cha pili kikatumika, hadi yaliyomo katika kile cha kwanza yakawa udongo mkavu wa kurutubishia migomba. Mkojo ulikuwa na bomba lake, na kila mtoto akimaliza haja kubwa alimwagia tunduni kopo la majivu kutoka jiko la shule. Matofali waliyafyatua wazazi.

Siku ya kukamilisha, Bi Mwanaidi alipanda, akafunga mlango, akakaa humo hata mwalimu mkuu akaanza kukohoa. Alipotoka alisema, "Hakinuki. Kesho Zainabu anakuja."

Akaja. Masika mengi yamepita tangu hapo, na choo kile hakijafurika hata mara moja. Nimefundisha na kuandika mengi. Hakuna ninachojivunia kama zile ngazi sita.

Basi, mwanangu, kabla hujashika sululu, waulize wenyeji maji hufika wapi, kisha uwasikilize. Jenga kile ambacho shule yenyewe itaweza kukitunza kwa majivu na mikono yake. Na kabla ya kualika wageni wa uzinduzi, mwombe bibi wa mwanafunzi aingie kwanza.

Mungu akujalie usikivu unaoipita elimu yako, na kila masika yawakute wasichana wako darasani.